Darubini ya laki tisa na ya milioni saba: niliyojifunza porini Rungwa

Porini Rungwa, pori la akiba la katikati ya Tanzania, darubini humnusuru mnyama mara nyingi kuliko inavyomponza. Mtu ambaye hajafanya kazi hii hudhani kioo ni cha kumtafuta mnyama aliye mbali. Kutafuta tunatafuta kwa miguu, kwa nyayo, kwa kinyesi ambacho bado kina joto, na kwa macho ya wafuatiliaji. Darubini hupanda machoni mnyama akishapatikana, na kazi yake ni kujibu swali moja: huyu anaruhusiwa, au haruhusiwi?

Jibu lake si jepesi. Uwindaji wa kitalii Tanzania unataka dume. Kwa tandala mkubwa shida ni ndogo, kwa kuwa jike hana pembe. Lakini palahala jike ana pembe, korongo jike ana pembe, choroa jike ana pembe, na pofu jike mara nyingi ana pembe ndefu kumshinda dume, ila ni nyembamba. Nyati jike naye ana pembe, na akisimama kichakani ukaona ncha tu, unaweza kuapa ni dume. Tena kwa nyati hatuishii kwenye jinsia. Tunamtaka mzee, na uzee wake unasomeka pale pembe mbili zinapokutana juu ya kichwa. Kwa kijana sehemu hiyo bado ni laini na ina nywele katikati. Kwa mzee imekuwa ngumu, imechubuka, na pande zote mbili zimefungana. Chui lazima awe dume. Simba lazima awe dume aliyetimiza miaka 6.

Umri wa simba ndio mgumu kuliko yote. Mwaka 2004 watafiti wa simba wa Serengeti, Craig Packer akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo yaliyobadili namna tunavyomtazama mnyama huyu. Pua ya simba huwa ya waridi anapokuwa mdogo, kisha huingia madoa meusi kadiri umri unavyokwenda, na dume aliyevuka miaka 5 kwa kawaida pua yake imeshakuwa nyeusi nusu au zaidi. Manyoya ya shingoni peke yake hayatoshi, maana wapo wazee wenye manyoya haba na wapo vijana waliojaa. Sasa ifikirie pua hiyo ikitazamwa kutoka mita 80, mnyama ameinamia chambo, jua limeshazama. Hapo bei ya darubini inaanza kuwa na maana. Saa nyingine nyingi za siku haina maana kubwa kiasi hicho, na jambo hili sijaona likisemwa vya kutosha kwa vijana wetu.

Nimeingia kazi hii kama mfuatiliaji, baadaye nikawa mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni wanaowinda, katika vitalu vya uwindaji vya Rungwa na Kizigo. Kila msimu unapokaribia Julai, vijana wanaoanza huniuliza: "Kaka, ninunue ya laki tisa, au nijinyime nikusanye ya milioni saba?" Wanauliza kwa dhati, kwa sababu fedha hiyo kwao ni kiwanja, ni bati za nyumba, ni ada ya mtoto. Siwezi kuwajibu kirahisi. Nitaeleza kila niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na sababu zake, kwa kuwa bila sababu mtu hubaki kusifia jina la kampuni.

Kwanza tuzigawe. Za bei ya kati, kama ile ya laki tisa, ni zile za dola 300 hadi 600 hivi: Nikon Monarch M7, Vortex Viper HD, Zeiss Terra ED na wenzao. Juu kidogo, kwenye dola 1,000, kuna Zeiss Conquest HD na Nikon Monarch HG. Za bei ya juu, kama ile ya milioni saba, zinaanzia karibu dola 2,000 na kuvuka 3,000: Swarovski EL na NL Pure, Zeiss Victory SF, Leica Noctivid. Zile za elfu themanini zinazouzwa na wachuuzi mijini, zenye lenzi nyekundu na maandishi kwamba zinakuza mara 100, siziweki kwenye mjadala huu kabisa. Utando ule mwekundu wa mbele hurudisha nje mwanga mwekundu usifike jichoni, na rangi za wanyama wetu ni kahawia na wekundu wa udongo. Ukimtazama kongoni kupitia kioo kile unamwona ana rangi ya kijani iliyokufa.

Misimu mingi nimebeba 8x42 ya bei ya kati. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni milimita 4.2; na kile kidarubini cha mfukoni cha 10x25 kinakupa 2.5 tu. Mchana jua kali mboni ya jicho imejifinya, kwa hiyo milimita 2.5 zinatosha. Jioni mboni inapanuka, kwa kijana hufika karibu milimita 7, kwa mtu wa miaka 50 mara nyingi haifiki hapo, na kidarubini cha mfukoni hakina tena cha kuilisha. Hesabu hiyo haijali bei. Darubini ya laki tisa ya 8x42 inamshinda jioni mwenye ya mfukoni ya bei yoyote ile, na hilo nimelithibitisha mara nyingi mbele ya wageni waliokuja na vidogo vya kifahari.

Kwa darubini ile ya kati nimefanya kazi nzuri. Nimehesabu makundi ya nyati kwenye mbuga, nimewapambanua palahala dume mweusi na jike la kahawia kwenye miombo, nimewasoma tandala kando ya mito mikavu asubuhi saa mbili. Sikuwahi kurudi kambini nikaona kwamba kuna mnyama kioo changu kilininyima. Kwa hiyo nilikuwa nikiwasikia wageni wakizisifu za kwao, najua moyoni kwamba wanaongea habari ya fedha zao.

Kisha ikaja jioni moja kwenye kibanda cha kuvizia, chambo kimening'inizwa kwenye tawi la mtundu. Tulikuwa watatu: mimi, mgeni kutoka Austria, na mfuatiliaji wangu, mzee wa Kikimbu ambaye amelikanyaga pori lile tangu mimi sijazaliwa. Jua lilizama saa moja kasorobo hivi, kama kawaida ya huko. Chui akapanda. Nikainua kioo changu, nikaona chui. Nikaona umbo lake lote, mkia, madoa, hata mguu uliokuwa ukibonyeza nyama. Mgeni akanipa ya kwake, Swarovski EL ya 8.5x42. Zingatia: ukuzaji karibu sawa, lenzi ya mbele upana uleule. Kupitia yangu niliona chui. Kupitia ya mgeni niliona chui jike.

Kichwa kilijitenga na kivuli cha tawi nyuma yake. Shingo ilionekana ilivyo nyembamba. Koo halikuwa na ile ngozi iliyolegea ya dume mkubwa. Nikampa mzee. Akatazama kwa muda, hana haraka, kisha akaninong'oneza, "Jike huyu, mwanangu. Tazama kichwa chake."

"Nimekiona, mzee."

"Basi tukae kimya, ale."

Akala, akashuka, giza likafunga, tukarudi kwa gari.

Sasa lazima nieleze vizuri, maana simulizi kama hii inaweza kupotosha. Ningekuwa na darubini yangu peke yake, chui yule asingepigwa vilevile. Ningesema "sijui", na porini "sijui" maana yake ni hapana. Ila "sijui" ina uzito wake. Mgeni amekuja kwa safari ya siku 21, amelipa fedha nyingi, siku zinakwisha. "Sijui" ya siku ya nne ni neno rahisi kulitamka. "Sijui" ya siku ya kumi na tisa hubanwa kutoka kila upande, na kwa mtu dhaifu hugeuka ikawa "labda", na "labda" ikishafika kwenye kifyatulio ni jike limekufa bure, ni adhabu kwa kampuni, ni leseni ya mwindaji bingwa mashakani, na ni hasara kwa pori ambayo hakuna anayeweza kuirudisha. Kioo kile kilinipa "hapana" iliyo kamili. Tulibadilisha chambo asubuhi yake, tukahamia bonde lingine, bila ubishi, kwa sababu mgeni mwenyewe alikuwa ameona.

Nilianza tangu hapo kuuliza tofauti ile inatoka wapi, ikiwa namba zilizoandikwa juu ya darubini mbili ni karibu sawa.

Sehemu ya jibu ni mipako ya lenzi. Kila mwanga unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye kioo kitupu, karibu asilimia 4 hurudi nyuma. Ndani ya darubini kuna nyuso za aina hiyo kumi na zaidi, kwa hiyo bila mipako unapoteza theluthi ya mwanga na zaidi kabla haujafika jichoni. Mwaka 1935 Olexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi Zeiss, aligundua namna ya kupaka utando mwembamba sana unaozuia mwanga usirudi. Leo tabaka kadhaa za utando huo hupunguza upotevu hadi chini ya nusu asilimia kwa kila uso. Sehemu nyingine ni prizimu, vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha ikae wima. Darubini zilizonyooka tunazobeba siku hizi hutumia prizimu ambazo huupasua mwanga nusu mbili na kuziunganisha tena, na nusu hizo zikirudi hazioani sawasawa, picha inakuwa butu. Zeiss walileta mpako wa kulirekebisha hilo mwaka 1988. Miaka hiyo teknolojia hii ilikuwa ya matajiri. Sasa imeshuka hadi kwenye darubini za dola 300, na ndiyo sababu za bei ya kati za leo ni nzuri mno. Mtu anayekumbuka darubini za kati za zamani asizihukumu hizi kwa kumbukumbu hiyo.

Kwa mwanga peke yake, basi, tofauti ni ndogo. Nzuri kabisa hupitisha asilimia 90 na zaidi, ya kati iliyo nzuri hupitisha asilimia 85 hivi. Jicho la binadamu halitambui kwa urahisi pengo la asilimia 5. Anayekwambia ya bei ya juu "inamulika" anaeleza kwa neno lisilo sahihi jambo alilolihisi kweli. Alichokihisi ni weusi. Kwenye kioo cha bei ya juu kivuli hubaki cheusi hata ukiwa umeelekea machweo, kwa sababu ndani ya mwili wa darubini wamezuia kila mwanga wa pembeni usidunde na kutandaza ukungu juu ya picha. Kwenye ya kati ukungu huo mwepesi upo, hasa ukitazama upande jua lilikozama, na kibanda cha chui karibu kila mara kinaelekezwa huko makusudi ili mnyama achoreke dhidi ya anga. Jike lile halikuonekana kwa sababu ya mwanga mwingi zaidi. Lilionekana kwa sababu kivuli kilicho nyuma ya kichwa chake kilikuwa kivuli kweli.

Hapa niweke neno kuhusu ushauri unaotoka Ulaya, maana wengi wetu tunausoma tukauchukua kama ulivyo. Wawindaji wa Ujerumani na Austria wanapenda sana 8x56. Wana sababu. Kwao machweo ni marefu, hasa kaskazini, na wao hukaa juu ya minara ya mbao wakisubiri nguruwe pori hadi usiku wa mbalamwezi. Rungwa iko nyuzi kama 7 kusini mwa Ikweta. Kwetu jua likizama unapata dakika 20 hivi kabla giza halijaingia, na sheria yetu hairuhusu kuwinda usiku. Kubeba 8x56 yenye kilo moja na zaidi shingoni, ukifuata nyati kutwa nzima kwenye joto na mbung'o, ili ufaidi dakika za gizani ambazo hata hivyo hutakiwi kufyatua, mimi naona ni kujitesa. Kwa pori letu 42 inatosha.

Tena kuna saa ambazo fedha hainunui kitu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, mwezi wa Septemba na Oktoba, hewa juu ya mbuga hucheza kama mvuke juu ya chungu. Mnyama aliye mita 600 anayumba, pembe zinakatika na kuungana. Nimeweka darubini ya milioni saba na ya laki tisa juu ya boneti moja, mchana huohuo, nikamtazama dume la pofu kwa zamu. Hakuna iliyoniambia zaidi ya mwenzake. Kosa halikuwa kwenye kioo, lilikuwa hewani, na dawa yake ni kusogea karibu au kusubiri jua lipoe. Kijana akinunua darubini ghali akitumaini itashinda joto la Oktoba, ametupa fedha yake.

Vichakani pia mambo ni hayohayo. Nyati wetu hupigwa mita 40, 60, 80. Umbali huo unachohitaji ni upana wa kuona na picha iliyotulia. Ndiyo maana mimi ni mtu wa 8x wala si 10x, na hapa nabishana na wenzangu wengi. Mwenye 10x anasema anaona pembe kubwa zaidi. Anaiona, akiwa amekaa, ameegemea mti. Lakini baada ya kutembea kutwa, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho limeingia jichoni, ile 10 inakuza pia mtetemo wake. Vilevile 8x hukuonyesha eneo pana zaidi, na kwenye kundi la nyati hatari ni yule jike aliyesimama pembeni, ambaye hukumwangalia, akikuangalia wewe. Longido na pande za Ziwa Natron, ambako nchi ni wazi na swala twiga anatazamwa kutoka mbali, 10x ina haki yake. Kwenye miombo naiona ni mzigo.

Lipo jambo moja la bei ya juu ambalo sikulitegemea, nalo ni uchovu wa macho. Dukani, dakika tano, mtu halijui. Kaa juu ya kilima cha mawe tangu alfajiri ukichambua bonde kipande kwa kipande. Kwa darubini yangu ya kati, baada ya muda mrefu nilianza kuhisi uzito nyuma ya macho, nikawa natazama kidogo, napumzika zaidi. Kwa ile ya juu nilikaa bila kujua muda umekwenda. Sababu ni nyingi zikiungana: picha safi hadi pembeni, mapipa mawili, yaani zile tyubu mbili za darubini, yaliyooanishwa kwa usahihi mkubwa, kirekebishi cha picha kisichoteleza. Mapipa yasipooana sawasawa ubongo hufanya kazi ya kuziunganisha picha mbili kila sekunde, na mwisho wake ni kichwa kuuma. Kwa anayekaa na darubini saa nyingi mfululizo, pengine hili lina thamani kuliko hata zile dakika 20 za jioni. Waongoza watalii wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwaka 1977, wameniambia habari ileile kutoka upande wao: kwa mtu anayemtafutia mgeni chui tangu asubuhi hadi jioni, macho ndiyo mshahara.

Kuhusu uimara, sina hakika kubwa kama wanayoitangaza wauzaji. Nimeona za bei zote zikiharibika, na karibu kila mara chanzo kilikuwa gari. Darubini ikilazwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser ikadunda barabara ya Itigi kwenda Rungwa, mapipa huhama. Darubini moja ya kati niliyokuwa nayo ililegea kikombe cha jicho, nikakifunga kwa utepe wa umeme nikaendelea nayo msimu mzima. Viwanda vingine hutoa dhamana ya maisha, wengine wana sifa ya kukarabati hata za miaka mingi iliyopita, na hilo ni jambo jema. Ila soma kwanza ujue utaituma wapi na nani atalipia usafiri na ushuru ikirudi. Dhamana ambayo kituo chake kiko bara lingine ina thamani tofauti kwa mtu wa Manyoni.

Vumbi nalo linaua kioo kimyakimya. Vumbi la Rungwa lina mchanga mwembamba sana, na kijana akitoa shati akafuta, anasugua mchanga juu ya ule mpako aliolipia. Kwanza pulizia, kisha mwagia maji safi kidogo, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Darubini zilizofungwa na kujazwa naitrojeni haziogopi maji hayo. Hakikisha tu maandishi yanasema haziingizi maji kabisa.

Ukienda kununua, usiipimie ndani ya duka chini ya taa, maana dukani zote ni nzuri. Omba kutoka nayo nje, ikiwezekana jioni. Elekeza kwenye kivuli kilicho chini ya paa huku anga angavu likiwa juu yake, uone kama kivuli kinabaki cheusi au kinafanya ukungu. Tazama waya wa umeme dhidi ya anga: ukiona ukingo wa zambarau au kijani mnene, kioo kimeshindwa kuziweka rangi pamoja. Ishike mbali kidogo na uso, uelekee mwanga, utazame yale maduara mawili madogo kwenye lenzi za jichoni. Yanatakiwa yawe mviringo kamili, bila kona zilizokatwa. Kisha tazama kitu cha mbali, kwa mfano nguzo, fumba jicho hili, fumba lile, fungua yote. Kama picha inachukua muda kuungana, rudisha. Herufi ED (aina ya kioo kinachopunguza ule ukingo wa rangi) na HD zisikutishe wala zisikulevye. HD hasa haina kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata. Na kama unavaa miwani, jaribu ukiwa umeivaa, vikombe vimeshushwa, maana zipo darubini ghali ambazo mwenye miwani haoni ukingo wa picha.

Sasa nani anunue nini? Kwa mfuatiliaji, kwa askari wa wanyamapori, kwa mwananchi mwenye leseni anayetafuta nyati au swala pala mchana, nasema bila kusita: 8x42 ya bei ya kati, mpya, iliyopimwa kama nilivyoeleza. Fedha inayobaki inunue mkanda wa kifuani, ule unaogawanya uzito mabegani, kwa sababu darubini iliyoachwa garini kwa kuchosha shingo haijanunuliwa. Wafuatiliaji wangu wote nimewapa za aina hiyo, na mzee wangu wa Kikimbu bado hutazama kwa macho matupu kwanza, anatafuta sikio linalotikisika au mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama, ndipo anainua kioo kuhakikisha.

Kwa mwindaji bingwa anayechukua wageni wa simba na chui, nabadilisha kauli. Huyo atakaa kibandani, atatakiwa kusema dume au jike, miaka 6 au 4, katika mwanga unaokufa, mtu mwingine akiwa ameshika bunduki akingoja neno lake. Huyo ajinyime. Si lazima aanze na milioni saba. Zile za dola 1,000 zimekaribia sana za juu, na kwa macho yangu hatua kutoka dola 400 kwenda 1,000 ni kubwa kuliko hatua kutoka 1,000 kwenda 3,000. Njia niliyoitumia mimi ni kununua iliyotumika. Wageni hubadilisha darubini kila toleo jipya likitoka, na ile ya zamani yenye kioo kizima huiachia kwa bei ya kirafiki mwisho wa safari, ukiwa umeshaitazamia chui na unaijua. Nilinunua ya 8x42 namna hiyo, ya daraja la juu, toleo lililopitwa, na sijatamani nyingine.

Anayeipata aikague mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha na vitalu vimetulia. Ikiwa mapipa yamehama au kuna ukungu ndani, Februari ndiyo wakati wa kuituma kiwandani, kwa sababu kwenda na kurudi huchukua miezi, na Julai gari la kwanza linapoingia kambini hakuna atakayekuazima ya kwake.